Mtoto wa miaka 10 anapolipishwa kama baba yake

*Bufee za hoteli za Disney huko Florida zilikuwa kimbilio la familia yenye watoto wengi. Leo ndizo zinazovuruga bajeti ya safari nzima.*

SAA kumi na moja jioni Boma huanza kupokea wageni wa chakula cha usiku. Ni mgahawa wa bufee ulio chini ya ukumbi mkubwa wa hoteli ya Disney's Animal Kingdom Lodge, karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani. Foleni huwa imeshajipanga: akina mama wanaosukuma vigari vya watoto, babu waliovaa kofia zenye masikio ya panya, watoto waliochoshwa na jua la kutwa. Mapokezini maswali ni mawili tu. Mko wangapi? Na watoto wana umri gani?

Swali la pili ndilo lenye fedha. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hula bure kwenye sahani ya mzazi wake. Wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto. Akishatimiza 10 analipiwa bei ya mtu mzima, hata kama atakachokula ni paja moja la kuku na kijiko cha makaroni.

Ndani, majiko yako wazi na wapishi wanakata nyama mbele ya mgeni. Kuna bobotie, ile nyama ya kusaga ya Afrika Kusini inayookwa ikiwa imefunikwa kwa mayai. Kuna kuku wa viungo vya Durban, kuna supu za aina kadhaa, na mwisho wa meza kuna vikeki vya mviringo vyenye milia ya pundamilia ambavyo watu husafiri kutoka majimbo ya mbali wakivitamani. Chakula ni kizuri, na sijamsikia mtu anayelibishia hilo. Kinacholalamikiwa ni bili.

Chukua familia ya watu sita: baba, mama, bibi, na watoto wa miaka 12, 10 na 7. Bei ya chakula cha usiku kwa mtu mzima pale imeikaribia dola 60, basi tuhesabu 60 kamili. Mtoto tumwekee 35. Watano kwa bei ya mtu mzima ni dola 300, na yule mdogo anafikisha 335. Ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 6.5. Halafu, kwa kuwa wamefika sita, bakshishi ya asilimia 18 inaingizwa kwenye bili bila kuulizwa. Jumla ni dola 417, yaani zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya au takriban milioni moja za Tanzania. Kwa mlo mmoja.

Kama yule wa katikati angekuwa bado ana miaka 9, bili ingeshuka kwa dola 31. Sherehe yake ya kuzaliwa imewagharimu wazazi kiasi hicho kwa usiku mmoja, na safari ya Disney haina usiku mmoja.

Akishatimiza 10 analipiwa bei ya mtu mzima, hata kama atakachokula ni paja moja la kuku.

Arusha iliyo Florida

Habari hii inatuhusu kwa karibu kuliko inavyoonekana. Bustani ya Animal Kingdom ilifunguliwa Aprili 1998, na hoteli yake Aprili 2001. Ndani ya bustani kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, ambacho wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walikichora wakiitazama Lamu na miji mingine ya Afrika Mashariki. Bufee ya kijiji hicho ni Tusker House, ambako bata Donald hupita mezani amevaa nguo za safari. Hoteli yenyewe ina jengo la Jambo House na jingine la Kidani Village. Mbuga zinazoizunguka, zenye twiga na pundamilia wa kweli, zimepewa majina kama Uzima, Pembe na Arusha.

Ni rahisi basi kuelewa kwa nini familia ya Kiswahili ya Columbus, Houston au Minneapolis, ikipata mgeni kutoka nyumbani, itataka kumpeleka bibi pale akaone twiga kutoka dirishani na kula akiwa na wajukuu. Itakutana na bili ileile ya dola 417.

Chakula kilitangulia bembea

Bei kubwa ya chakula haikuzaliwa pamoja na bustani za burudani. Historia yake ilianza kinyume kabisa.

Mwaka 1934, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Cordelia Knott alianza kuuza mlo wa kuku wa kukaanga kwenye shamba la matunda la familia yake huko Buena Park, California. Mlo mzima aliuuza senti 65. Foleni ikawa ndefu hata mumewe, Walter, akatafuta namna ya kuwafurahisha waliokuwa wakisubiri meza, na mwaka 1940 akaanza kujenga mji wa kale wa magharibi. Mji huo ndio uliokua ukawa Knott's Berry Farm, moja ya bustani za kwanza za aina yake Marekani. Kuku ndiye aliyewaleta watu. Burudani ilikuwa ya kuwashikilia.

Senti 65 za wakati ule ni kama dola 15 za sasa.

Bufee nayo ilianza kama chambo. Miaka ya 1940 hoteli ya El Rancho Vegas, huko Las Vegas, ilianza kuweka meza ya kula hadi ushibe kwa dola moja ili wacheza kamari wasiondoke kutafuta chakula kwingine. Hasara ya jikoni ililipwa na meza za kamari. Kwa miongo mingi mpangilio huo ulienea Marekani yote: chakula kingi kwa bei ndogo, na faida inatafutwa pengine.

Hoteli za bustani za burudani ziliichukua bufee kwa sababu nyingine inayoeleweka vizuri na mzazi yeyote. Watoto wanachagua chakula. Mmoja hataki mboga, mwingine hataki nyama iliyogusana na wali. Ukiagiza kwenye menyu unalipia sahani tatu zitakazorudi jikoni zimejaa. Kwenye bufee unajua bei kabla ya kuketi na kila mtoto anajichotea anachokipenda. Chakula kinaliwa mara moja, hakingojewi dakika 40 huku mdogo analia. Kwa familia kubwa, bei iliyotangazwa mapema ilikuwa ni ulinzi.

Ulinzi huo ndio ambao umekuwa ukipungua.

Basi la bure na chakula cha kulipia mapema

Mwaka wa kuutazama ni 2005. Mwaka huo Disney ilianzisha mabasi ya bure, yaliyodumu hadi Januari 2022, ya kuwatoa wageni wa hoteli zake uwanja wa ndege wa Orlando hadi mlangoni. Mwaka huohuo ikaanzisha mpango wa chakula unaolipiwa pamoja na chumba, kwa dola zipatazo 35 kwa mtu mzima kwa usiku.

Yaweke mambo haya mawili pamoja. Mgeni aliyeletwa kwa basi hakuwa na gari. Eneo zima la Disney huko Florida, liitwalo Disney World, lina ukubwa wa takriban kilomita 100 za mraba, hivyo mgahawa wa nje si wa kuufikia kwa miguu. Na kwa kuwa chakula ameshakilipia nyumbani, bei iliyo kwenye menyu haimuumi tena. Anaiona kama namba ya mtu mwingine.

Mwanzoni wageni walifaidi kweli. Mpango ule wa kwanza ulijumuisha hata chakula cha kufungulia mlo na bakshishi ya mhudumu. Kufikia 2008 vyote viwili viliondolewa. Ukasimamishwa wakati wa korona mwaka 2020, na uliporudi Januari 2024 bei yake ilikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto, kwa kila usiku. Dola 35 za mwaka 2005, zikipandishwa kwa kasi ya mfumuko wa bei wa kawaida wa Marekani, zingekuwa kama 56. Ni kweli mpango wa sasa una mambo ambayo ule wa zamani haukuwa nayo, kama kinywaji cha kileo kwa aliyetimiza miaka 21. Hata hivyo, pengo la dola 38 kwa mtu kwa usiku haliwezi kujazwa na glasi moja ya mvinyo.

Hapa ndipo bei ya bufee inapofanya kazi ambayo wengi hawaioni. Mlo mmoja wa bufee unahesabiwa kama mlo mmoja wa mezani katika mpango huo. Kadiri bufee inavyouzwa ghali mlangoni, ndivyo mpango wa chakula unavyoonekana nafuu. Mzazi anayekokotoa hesabu nyumbani anaona kwamba bufee peke yake ni dola 60, basi mpango unamlipa. Bei moja inaisukuma nyingine, na mgeni anajiona ameshinda.

Kadiri bufee inavyouzwa ghali mlangoni, ndivyo mpango wa chakula unavyoonekana nafuu.

Mayai, ng'ombe na machungwa

Ingekuwa dhuluma kusema kampuni imepandisha bei bila sababu yoyote. Jiko la bufee limepigwa kutoka pande nyingi.

Mafua ya ndege yaliyoingia kwenye mabanda ya kuku ya Marekani mwanzoni mwa 2022 yameua mamilioni ya kuku wa mayai, na Machi 2025 bei ya wastani ya dazeni moja madukani ilivunja rekodi kwa kupita dola 6. Bufee ya asubuhi bila mayai haipo. Idadi ya ng'ombe wa Marekani ilishuka Januari 2025 hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1951, baada ya miaka ya ukame. Mwaka 2022 peke yake, vyakula vya madukani nchini humo vilipanda kwa asilimia 11.4.

Na kuna habari ya machungwa, inayosikitisha zaidi kwa kuwa ni ya palepale. Florida ilijengwa juu ya machungwa. Msimu wa 1997 hadi 1998 jimbo lilivuna makasha milioni 244. Ugonjwa unaosambazwa na mdudu mdogo, ukisaidiwa na vimbunga, umeiteketeza michungwa ya mashamba hadi mavuno ya miaka ya karibuni yakashuka chini ya makasha milioni 20. Juisi inayojazwa bila kikomo kwenye meza ya watoto haitoki tena shamba la jirani.

Juu ya yote hayo, bufee ina hasara yake ya asili. Trei lazima ionekane imejaa hadi mgeni wa mwisho aondoke, maana hakuna anayelipa dola 60 kukwangua masufuria. Sehemu ya kinachobaki jikoni bila kuguswa hupelekwa kwa mashirika ya kulisha wenye shida, na hilo ni jambo la kupongezwa. Kilichokwisha kuwekwa kwenye sahani ya mgeni hakirudi.

Msimtwishe mhudumu lawama

Sababu inayotajwa haraka kuliko zote ni mishahara. Hapa nataka kwenda taratibu, kwa sababu ndipo watu wanapopotoshwa.

Wafanyakazi wa Disney World wapatao 45,000 wanawakilishwa na muungano wa vyama sita vya wafanyakazi. Kwa mkataba wa 2018 walipigania kima cha chini cha dola 15 kwa saa, kilichofikiwa mwaka 2021. Februari 2023 walipiga kura kwa wingi mkubwa kuikataa ofa ya kampuni, na mwezi uliofuata wakapata makubaliano ya kufikisha dola 18 kabla ya mwaka kwisha. Ni ongezeko la kweli, na gharama yake ni ya kweli.

Lakini tazama dola 18 hizo zilinunua nini Orlando. Mfanyakazi aliyelipwa kima hicho kwa saa nane alipata dola 144 kabla ya makato. Hakuweza kuwalisha watu watatu kwenye bufee aliyoihudumia mwenyewe. Kodi za nyumba zimepanda, na wengi wanaishi mbali na kuamka alfajiri ili mayai yawe tayari mgeni anapoteremka. Ni watu haohao waliopunguzwa kwa maelfu mwaka 2020, kampuni ilipotangaza kuachisha kazi watu 28,000, na wakahitajika tena haraka milango ilipofunguliwa. Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya trei za moto kwa zamu nzima, Florida au Diani au Nungwi, anajua kwamba mshahara huo haukuletwa na ukarimu wa mtu. Wameutolea jasho.

Na bakshishi ya asilimia 18 inayoongezwa kwa kundi la sita? Wageni wengine hunung'unika kwamba sahani wamejichotea wenyewe. Wanasahau mtu aliyeondoa sahani 20 chafu mezani mwao na kufuta soda iliyomwagika chini ya kiti. Kinachostahili kuulizwa ni kwa nini malipo ya mtu huyo yanaachwa yategemee kundi lililoketi mbele yake, wakati bei ya mlangoni imeshapanda kiasi hiki.

Foleni ndiyo inayopanga bei

Ukijumlisha mayai, nyama na mishahara, bado kuna kitu kinachobaki bila maelezo. Jibu lake liko kwenye foleni.

Meza za bufee hizi hufunguliwa kwa kuwekewa nafasi siku 60 kabla. Zile zenye wahusika wa katuni, kama Chef Mickey's ya hoteli ya Contemporary ambako Mickey na wenzake hupita wakipiga picha na watoto, hujaa upesi ingawa mlo wa usiku wa mtu mzima umepita dola 60. Asiyetokea bila kughairi hutozwa dola 10 kwa kila kichwa. Biashara yenye foleni ya namna hiyo haina sababu ya kibiashara ya kupunguza bei. Ina sababu ya kujaribu dola mbili zaidi kila msimu na kutazama kama foleni imefupika.

Kampuni yenyewe imewahi kukaribia kukiri. Mwaka 2023 mkuu wake, Bob Iger, aliwaambia wawekezaji kwamba katika hamu ya kukuza faida huenda walizidisha katika baadhi ya bei. Tiketi ya siku moja ya bustani ya Magic Kingdom ilikuwa imeshafika dola 189 kwa siku zenye msongamano. Pamoja na kauli hiyo, kitengo cha bustani, hoteli na meli kilimaliza mwaka wa fedha wa 2024 kikiwa na faida ya uendeshaji ya zaidi ya dola bilioni 9, kiasi kinachozidi nusu ya faida ya uendeshaji ya vitengo vyote vya Disney. Kitengo chenye faida hiyo hakiwezi kutuambia kwamba bei ya sahani ya mtoto imewekwa na kuku wa mayai.

Wapo wanaojibu kwamba Disney si hospitali wala shule, asiye na fedha asiende. Nawaelewa. Lakini utafiti wa kampuni ya mikopo ya LendingTree wa mwaka 2024 uliwakuta karibu robo ya waliowahi kwenda Disney wakisema safari iliwaingiza kwenye deni, na miongoni mwa wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 18 idadi ilikaribia nusu. Mzazi anayekopa kwa ajili ya siku tano za furaha ya mwanawe simwiti mpumbavu. Amesikia wimbo wa sehemu hiyo tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, na mwanawe naye anausikia kila siku kwenye televisheni. Anayejua kuwa mteja wake anakuja kwa moyo wa namna hiyo ana wajibu wa kujizuia.

Wanaojipikia

Familia nyingi zimeshapata njia zao. Zinapanga nyumba yenye jiko huko Kissimmee, mji wa jirani, zinanunua vyakula supamaketi, na asubuhi zinafunga mikate na matunda kwenye mkoba. Disney inaruhusu wageni kuingia bustanini na chakula chao, ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Wanaotaka kula hadi washibe wanakwenda Golden Corral, bufee ya kawaida iliyo nje ya eneo la Disney, kwa bei ya chini mno.

Hata Animal Kingdom Lodge haijafungwa kabisa kwa mwenye mfuko mdogo. Kuna mgahawa wa haraka uitwao The Mara, ambao huuza pia vile vikeki vya pundamilia, na kutoka kwenye jukwaa la Arusha Rock mtu anaweza kuwatazama twiga bila kulipa senti. Bibi akiletwa hapo jioni, akala kidogo na kuwaona wanyama, atakuwa amepata sehemu nzuri kuliko zote za hoteli hiyo.

Lakini kinachopotea ni kile kilichoifanya bufee ipendwe: watu wa rika tatu mezani pamoja, kila mmoja na sahani yake, hakuna anayepiga hesabu ya nani ameagiza nini.

Paris mtoto ni mtoto

Dawa moja ni nyepesi, na kampuni yenyewe inaitumia kwingine. Disneyland Paris humhesabu mtoto kuwa mtoto hadi miaka 11, kwenye tiketi na mezani. Hong Kong vilevile. Florida mtoto wa miaka 10 anaambiwa amekua. Tumbo la mtoto wa darasa la nne halibadiliki kwa kuvuka bahari ya Atlantiki.

Kwa mwaka 2026 Disney imetangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 watapata mpango wa chakula bila malipo, wazazi wakinunua mpango wao na kulala katika hoteli za kampuni. Ni nafuu ya kweli kwa wenye watoto wadogo, na waliopanga kwenda wasiiache. Mpaka wa miaka 10 haukuguswa, wala bei ya mlangoni kwa familia iliyolala Kissimmee. Mwaka huohuo mkataba wa wafanyakazi unafika ukingoni na mazungumzo mapya yanatarajiwa. Bei zikipanda tena baada ya hapo, tutaambiwa ni kwa sababu ya mpishi. Kabla ya kukubali maelezo hayo, wazazi waulize kwanza kwa nini mtoto wa miaka 10 ni mtoto Paris na si Orlando.